Usipomjibu Kijana, Mwingine Atamjibu

(Hotuba iliyotolewa baada ya futari mbele ya vijana na wazazi wa Kiislamu wa Meru na Embu. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu la Ramadhan.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, mzazi wangu unayesoma, maneno haya niliyasema nikiwa nimekaa mkekani, si juu ya mimbari, kwa sababu nilitaka tuzungumze, si nihutubu mimi peke yangu. Wengine walikuwa wametoka mbali. Wa Embu na Runyenjes walipanda matatu mchana wakiwa na saumu zao, wakapita Chuka na lile daraja la Nithi ambalo msafiri akilifikia husoma dua hata kama alikuwa amelala. Wa Maua waliteremka kutoka Nyambene. Mwenyezi Mungu awalipe wote. Wewe ambaye hukuwepo, jifanye ulikuwa umekaa nasi, na kikombe cha uji mkononi.

Nianze na kisa ambacho si cha sifa kwangu.

Swali lililoulizwa mlangoni

Mwaka mmoja, Ramadhan, baada ya tarawehe, kijana mmoja alinifuata pale tunapovua viatu. Simtaji jina wala mtaa, maana yeye ni amana. Akanionyesha simu. Kulikuwa na video fupi: nyumba zimebomolewa, watoto wametolewa chini ya vifusi wamejaa vumbi, na juu ya picha hizo sauti ya mtu anayesema Kiswahili safi, akituita sisi Waislamu wa Kenya tuamke tulipize. Kijana akaniuliza, “Ustadh, hawa wakiuawa dunia kimya. Wale wakiuawa, bendera zinashushwa nusu mlingoti. Sasa huyu anayesema tulipize, kosa lake liko wapi?”

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, “Zima hicho kitu, utatuletea polisi.”

Basi. Akaitia simu mfukoni, akasema “Sawa, ustadh,” akaenda zake. Wiki tatu sikumwona msikitini. Kisha mama yake akaja kuniona. Akasema, “Mwanangu siku hizi haongei nyumbani. Anaongea na simu tu.”

Nikatoka kumtafuta, nikamkuta kwenye steji ya boda boda. Tukakaa. Nikamwomba radhi kwanza, halafu nikamuuliza kwa nini aliacha kuja. Akanijibu neno ambalo mpaka leo halijanitoka: “Nilikuuliza wewe ukanifukuza. Yule wa kwenye simu hajawahi kunifukuza.”

Jamani! Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Zamani ulimwengu ulikuwa mbali, ilibidi mtoto atoke nyumbani ndipo ukamfunze. Leo ulimwengu unalala naye kitanda kimoja, chini ya mto, ukiwa na chaji asilimia themanini.

Wanavyotuvuta

Hebu tuangalie jinsi propaganda ya watu wa siasa kali inavyofanya kazi, maana mtego ukishaujua umeshauvuka nusu.

Kwanza, huanza na ukweli. Hapa ndipo wazee wetu wengi tunapokosea. Tunawaambia vijana “ni uongo mtupu”, na kijana anajua si uongo mtupu. Watoto kweli wamekufa. Iraq kweli ilivamiwa Machi 2003 kwa sababu ya silaha ambazo hazikupatikana. Ukikana lililo kweli, kijana hatakuamini hata ukisema lililo kweli zaidi.

Pili, hukata. Hukuonyesha nusu ya habari na kuificha nusu nyingine.

Tatu, huwafanya watu wote kuwa kitu kimoja. Hakuna tena Mwingereza huyu na Mmarekani yule, Mkristo huyu na Mkristo yule. Wamebaki “wao” na “sisi” tu. Na jirani yako wa Kaaga au Majimbo, aliyekuletea ndizi ulipofiwa, ghafla naye amekuwa “wao”.

Nne, hukutenga. Hukuambia baba yako ni mnafiki, imamu wako ni wa serikali, mama yako hajui dini. Ukishabaki peke yako, ndipo unapopewa namba ya kupiga.

Haya si mambo ya mbali. Kuanzia mwaka 2012, Al-Shabaab walieneza kwenye intaneti jarida la Kiswahili liitwalo Gaidi Mtaani. Angalieni lugha: si Kiarabu, si Kisomali, ni Kiswahili chetu hiki. Na angalieni jina: mtaani. Walikuwa wanatafuta wasomaji wa mitaa kama yetu. Na mkasa wa hoteli ya DusitD2 Nairobi, Januari 2019, watu 21 wakauawa, mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyekulia Isiolo, mtoto wa mwanajeshi wa nchi hii. Isiolo, ndugu zangu! Ukisimama hapa Meru ukiangalia bonde la kaskazini siku isiyo na ukungu, Isiolo iko pale chini.

Tena siasa kali za huku na siasa kali za kule hulishana. Desemba 2015, Donald Trump, akiwa mgombea urais, alisema Waislamu wazuiwe kuingia Marekani. Haukupita mwezi, Al-Shabaab wakamtia kwenye video yao ya kusajili vijana. Hawakuhitaji kumsingizia neno. Walimwacha aseme mwenyewe, kisha wakaongeza: mmeona, hatuna nafasi huko. Na kila Al-Shabaab wanapoua, mwenye kuwachukia Waislamu kule Ulaya anapata naye picha ya kuonyesha watu wake. Hawa ni mafahali wawili wanaotafutana, na nyasi ni sisi.

Mwenyezi Mungu ametupa dawa katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Ametuamrisha, akitujia mtu fasiki na habari, tuchunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua halafu tukajuta. Aya hii ilishuka kabla ya kuwepo simu, lakini ukiisoma utadhani ilishukia grupu la WhatsApp.

Ni akina nani waliokufa?

Pale kwenye steji nilimuuliza yule kijana: yule wa kwenye simu anasema anapigana na Magharibi kwa niaba yako. Haya, tuhesabu pamoja. Ni akina nani waliokufa?

Tarehe 7 Agosti 1998 ilikuwa Ijumaa. Bomu lililotegwa dhidi ya ubalozi wa Marekani Nairobi liliua watu 213. Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote ni Wakenya: makarani, wapita njia, abiria wa basi, wasichana wa chuo cha uhazili waliokuwa darasani kwenye jumba la Ufundi lililoporomoka. Siku hiyo hiyo Dar es Salaam walikufa watu 11. Ndani yao wamo Waislamu na wamo Wakristo. Maelfu walijeruhiwa, na wengi walipofuka kwa vioo kwa sababu waliposikia mlio wa kwanza walikimbilia dirishani kuangalia. Mpaka leo wapo wanaotembea na fimbo nyeupe.

Tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise huko Kikambala. Waliuawa watu 13, wengi wao Wakenya, wakiwemo wacheza ngoma waliokuja kukaribisha wageni ili wapate riziki ya siku. Na unajua ilikuwa lini? Ilikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhan ya mwaka 1423. Siku ambazo Mtume (s.a.w.) alikuwa akikaza shuka yake kwa ibada, kuna mtu alikuwa anapanga kuua wacheza ngoma, na akaita hiyo ni dini.

Septemba 2013, Westgate, watu 67. Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, karibu wote wanafunzi, wengi wao wakiwa wameamka tu alfajiri. Watoto wa watu maskini waliouza ng'ombe na mashamba ili wasome.

Nikamuuliza: katika hesabu hiyo, Magharibi iko wapi? Kijana akanyamaza. Nikamwambia, Suratul Maida, aya ya 32, imetufundisha kuwa anayeua nafsi moja bila haki ni kama ameua watu wote. Haikusema nafsi ya Mwislamu. Imesema nafsi.

Lakini sikuishia hapo, maana ningeishia hapo ningekuwa nami nimekata nusu. Nikamwambia, swali lako la kwanza bado ni la haki. Uchungu wako kwa wale watoto ni imani. Kosa si uchungu. Kosa ni pale mtu anapouchukua uchungu wako akaufanya kuni za moto wake.

Mazungumzo si woga

Wapo watakaosema, “Ustadh, sasa unataka tukae na hawa wa Magharibi tunywe chai, wakati wanatudharau?” Nasema hivi: kuzungumza hakukuanzishwa na balozi yeyote. Ni jambo la Mtume wetu.

Kumbukeni Hijra ya kwanza, karibu mwaka 615. Waislamu wa Makka wameteswa, Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wapi? Kwetu huku Afrika, kwa Najashi wa Habasha, mfalme Mkristo, kwa sababu kwake hadhulumiwi mtu. Maquraish wakatuma wajumbe na zawadi ili wakimbizi warudishwe. Hiyo nayo ilikuwa propaganda: waliwapelekea wakuu wa mfalme zawadi kwanza, wakawataka wakimbizi watolewe bila kusikilizwa. Najashi akakataa kuhukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Ja'far bin Abi Talib akasimama. Hakutukana, na hakuficha imani yake. Akaeleza tulivyokuwa na tulivyofundishwa, kisha akasoma katika Sura Maryam. Mfalme akalia. Wakimbizi wakabaki salama. Najashi alipofariki, Mtume (s.a.w.) alimsalia akiwa Madina.

Wakristo wa Najran nao walimjia Mtume (s.a.w.) Madina, wakapokewa msikitini, wakajadiliana naye mambo mazito kabisa ya imani. Hawakukubaliana. Hata hivyo waliondoka na mkataba wa amani. Tunajifunza nini? Kwamba mazungumzo hayalazimu mkubaliane. Yanalazimu msikilizane.

Na Suratun Nahl, aya ya 125, imetupa adabu yake: hekima, mawaidha mema, na kujadiliana kwa njia iliyo bora. Ndiyo sababu, tarehe 13 Oktoba 2007, wakati wa Idd, wanazuoni 138 wa Kiislamu wa madhehebu mbalimbali waliwaandikia barua viongozi wa Kikristo duniani, wakijenga juu ya aya ya 64 ya Al Imran inayowaita Watu wa Kitabu kwenye neno lililo sawa baina yetu nao. Mwezi uliofuata, Wakristo zaidi ya 300 walijibu kwa barua ya heshima. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia 27 Ramadhan 1425, yaani Novemba 2004, ulitolewa Ujumbe wa Amman ulioeleza Uislamu ni nini na nini si Uislamu. Na Septemba 2014 wanazuoni zaidi ya 120 walimwandikia kiongozi wa kundi la Daesh, wakamjibu hoja kwa hoja, kwa aya na hadithi. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba maulamaa walinyamaza. Walisema. Sisi ndio hatukuwasomea vijana wetu walichosema.

Magharibi ni nani?

Sasa tuseme wazi. Tunaposema “Magharibi”, tunamaanisha nani?

Tarehe 15 Februari 2003, kabla ya vita vya Iraq, mamia ya maelfu ya watu waliandamana London kupinga vita, wengi wao si Waislamu. Hao ni Magharibi. Tarehe 15 Machi 2019, siku ya Ijumaa, mtu mmoja aliwaua Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand. Muuaji huyo anajiita mtetezi wa Magharibi. Lakini Ijumaa iliyofuata, adhana ilirushwa hewani nchi nzima, na maelfu ya wasio Waislamu wakasimama kimya nje ya msikiti, wanawake wakiwa wamejifunika vichwa kwa heshima ya wafiwa. Hao nao ni wa huko huko. Tena Magharibi ni ndugu zetu wenyewe: Waislamu wa Minneapolis, wa London, wa Toronto, wanaoswali, wanaofunga, na wanaolipa kodi kule huku wakituma fedha za Idd huku.

Ukimwambia kijana “Magharibi ni adui”, umemwambia uongo. Ukimwambia “Magharibi ni rafiki, hawana kosa”, huo nao ni uongo. Tarehe 4 Juni 2009, Barack Obama, ambaye baba yake ni wa Siaya hapa kwetu, alisimama Cairo akatoa salamu ya Kiislamu na kuahidi mwanzo mpya. Wengi tulifurahi. Lakini ndege zisizo na rubani ziliendelea kurusha mabomu. Maneno mazuri yasiyofuatwa na vitendo ni kama daku ya maji matupu: saa nne asubuhi njaa imekurudia.

Kwa hiyo mazungumzo ninayoyataka si ya kupigwa picha na mgeni aliyevaa tai, tukagawiwa fulana, tukaenda nyumbani. Ni ya kusema ukweli pande zote mbili. Mgeni akija kutuuliza mbona vijana wenu wanavutwa, tumwambie bila kuogopa. Tumwambie kwamba mwanzoni mwa 2007 Wakenya walikamatwa wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mahakamani. Kwamba mmoja wa Wakenya waliokamatwa mwaka huo alipelekwa Guantanamo, akakaa karibu miaka 18 bila kufunguliwa mashtaka, akarudishwa Desemba 2024. Kwamba Aprili 2014 maelfu ya watu walisombwa Eastleigh na kwingineko, wengi wao Wasomali, wakajazwa uwanja wa Kasarani. Mambo kama hayo ndiyo yanayowapa wasajili maneno. Na wao waseme yao, nasi tusikilize: kwamba wana wajane wao, na kwamba wanasubiri kutusikia tukilaani mauaji bila kuongeza “lakini”.

Kuna mtu atauliza: kusema kunasaidia nini? Nimjibu kwa mfano wa nyumbani. Aprili 2015, mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yalitajwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Wangeweza kukata tamaa. Wakaenda mahakamani. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu Mombasa ikaona hakuna ushahidi wa kuwahusisha na ugaidi, akaunti zikafunguliwa. Kijana, ukisikia sauti kwenye simu inakuambia hakuna haki ila kwa bunduki, ikumbuke kesi hiyo.

Sisi wa Meru na Embu

Ndugu zangu, Mwenyezi Mungu ametuweka mahali penye faida. Sisi hapa ni wachache katikati ya Wakristo. Nani kati yetu hana shangazi wa Methodist, mjomba wa Katoliki, binamu wa Presbyterian? Wengi tunazikana kaburi hadi kaburi. Mama yangu mzazi akipika Idd, sahani ya kwanza hutoka kwenda kwa jirani ambaye si Mwislamu, na Krismasi sahani hurudi na chapati. Watu wa mbali wanafanya makongamano ya kutafuta jinsi Mwislamu na Mkristo watakavyokaa. Sisi tumekaa. Tatizo letu ni kwamba tumekaa bila kuzungumza mambo haya. Tunaogopana kwa adabu.

Na kuzungumza tunakujua. Wameru wana Njuri Ncheke, na wazee hao hawakati shauri mpaka kila upande umesema. Mnakumbuka Uingereza ilipopiga marufuku miraa, Juni 2014? Uholanzi ilikuwa imeshatangulia 2013. Miraa yenyewe ina maneno kwa maulamaa, na leo si siku yake. Ninalotaka mlione ni hili: familia nyingi za Igembe na Tigania ziliumia, ada za shule zikakosekana, watu wakawakasirikia Waingereza kwelikweli. Walifanya nini? Walipeleka wajumbe, wakabishana kwa hoja. Marufuku haikuondolewa. Lakini hakuna mtalii aliyeguswa. Mtu anaweza kudhulumiwa, akakasirika, akashindwa hoja, na bado akabaki mtu.

Na tusisahau basi la Mandera, Desemba 2015. Washambuliaji walilisimamisha wakataka abiria wajitenge, Waislamu upande huu, Wakristo upande ule. Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, na Januari 2016 akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hakuwa sheikh mkubwa. Alikuwa mwalimu anayesafiri. Lakini siku ile alijibu propaganda yote ya Al-Shabaab bila kushika kipaza sauti.

Tufanye nini Ramadhan hii

Nisikuache na maneno matupu.

Wewe kijana: video ikikufikia, kabla ya kuituma mbele jiulize maswali matatu. Nani ameitengeneza? Ameficha nini? Anataka nifanye nini nikishakasirika? Kisha mtafute mtu mzima unayemwamini ukae naye uso kwa uso. Mtu yeyote anayekuambia “usimwambie mzazi wako”, awe na ndevu au asiwe nazo, huyo mkimbie. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyefunga akitukanwa aseme nimefunga. Kufunga simu nako ni sehemu ya saumu.

Wewe mzazi: usianze na “zima hicho kitu”. Nilianza hivyo mimi, nikampoteza kijana wiki tatu. Muulize ameona nini. Msikilize mpaka amalize hata kama moyo unakudunda. Ukimwona amebadilika, ameacha marafiki, anawakufurisha watu wa nyumbani, usinyamaze kwa aibu wala kwa kuogopa polisi. Nenda kwa imamu, nenda kwa mzee anayeaminika, na tafuta msaada wa kisheria mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nyinyi maimamu, nami nikiwemo: tutenge angalau usiku mmoja kwa wiki baada ya tarawehe, saa moja ya maswali. Swali lolote. Kuuliza si ujinga, na kujibu “sijui, nitatafuta” si aibu. Tusimripoti mtu kwa kuuliza, wala tusimcheke.

Nasi chama chetu cha vijana: kabla ya Idd, kila tawi lialike majirani Wakristo kwa futari moja. Si kwa kuwahubiria. Tule, halafu tuwaambie: tuulizeni lile mnaloogopa kutuuliza. Nasi tutawauliza letu. Wanafunzi wa Nchiru na wa Chuo Kikuu cha Embu waandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wawaandikie wenzao wa vyuo vya ng'ambo, na hata balozi zilizoko Nairobi, barua za heshima zinazosema tunachokataa na tunachodai. Suratul Hujurat, aya ya 13, inasema tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana hakuji kwa kutazamana kwenye kioo cha simu.

Neno la mwisho

Mtaniuliza, yule kijana je? Alhamdulillah, amerudi safu ya pili, karibu na dirisha. Sisemi nimemshinda yule wa kwenye simu. Bado ananiuliza maswali, na mengine yananikosesha usingizi. Mara nyingi namwambia sina jibu, twende tukatafute. Juzi, baada ya isha, aliniletea kijana mwingine. Akasema, “Ustadh, huyu naye ana swali.” Tukakaa pale pale penye viatu, tukazungumza mpaka walinzi wakataka kufunga geti.

Ewe Mwenyezi Mungu, ikubali saumu yetu, warehemu waliouawa kwa dhuluma popote walipo, wa dini yetu na wasio wa dini yetu. Wahifadhi watoto wetu na kila sauti inayowaita kwenye maangamizi. Tupe ulimi wa ukweli na sikio la subira. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.